Kifungo Kilichobaki Mkononi

9 Januari

Dada yangu mpenzi,

Nimefika salama. Mama hajambo na goti lake? Kaka amekuwekea ule mlango wa duka, au bado anakupa tarehe tu? Seremala wa nyumbani ndiye mgumu kuliko wote. Mimi sijambo, ila miguu imevimba na kusimama kutwa sijakuzoea.

Kazi ni ile ile tuliyoambiwa, udobi wa hoteli. Tuko wanawake kumi na wawili katika chumba kirefu cha chini, mashine upande huu, meza za pasi upande ule. Mimi niko kwenye shuka. Shuka hukunjwa na watu wawili, mnasimama mkitazamana, mnakwenda na kurudi. Mwenzangu ni mama mmoja mnene tunayemwita Mama Pasi, ingawa pasi yenyewe sijamwona akiishika. Anapenda maneno kweli kweli.

Utashangaa nakuandikia na simu unayo. Siku ile nilipopiga ukamwekea mwanangu Chiriku sikioni, nilisikia pumzi tu. Nilisema weee, na yeye anapumua. Nilipokata nilikaa kwenye ngazi nikalia mpaka msimamizi akaja kuniuliza nimefiwa na nani. Simu inataka mtu wa kusema, Dada. Kwenye barua sote tunanyamaza, hakuna anayeonekana kupungukiwa.

Babu alimpa jina la Chiriku kwa vile alivyopiga kelele siku anazaliwa. Miaka mitano sasa, hata neno moja. Mkataba wangu ni wa mwaka. Nikirudi Desemba nataka nimkute mlangoni aniite mama, kwa mdomo wake mwenyewe. Mfundishe. Wewe una subira, yangu iliisha.

Halafu koti langu la kijani limepoteza kifungo cha pili kutoka juu. Nadhani kiling'oka pale kituoni alipoling'ang'ania. Tazama kama kimeangukia kwenye mkoba wako.

Mdogo wako

4 Februari

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Mama hajambo, goti linamsumbua asubuhi tu, mchana analisahau akipata wa kumsimulia. Mlango haujawekwa. Kaka amekuja mara mbili kuupima, labda anadhani unakua.

Kifungo chako hakikuangukia mkobani. Kilibaki mkononi mwa mtoto. Siku tatu hakufumbua ngumi, nikawa namwogesha mkono mmoja. Nilipompeleka hospitali, kwa yule mwalimu wa usemi anayekuja kila Jumatano ya pili, aliingia nacho. Nilitaka kumnyang'anya kwa aibu. Mwalimu akanizuia. Ni binti mdogo tu, viatu vya raba, lakini anajua kazi yake. Alimpima masikio, mazima. Alikaa naye sakafuni saa nzima bila kumlazimisha kitu. Mwisho akaniambia, "Mama mkubwa, huyu ana mengi ya kusema, hana njia. Wewe ni fundi nguo, vifungo unavyo. Tuanzie hapo alipoanzia mwenyewe."

Basi nimemshonea aproni yenye mifuko sita kifuani. Kila mfuko una kifungo chake, vikubwa vyote, asije akavimeza. Cheupe ni maji. Cha kahawia ni mkate. Cha buluu ni kwenda nje. Chekundu ni imetosha. Akitaka kitu anachomoa kifungo, ananitia mkononi, na mimi nalitamka neno na kumpa anachotaka. Hakuna kumwambia "sema kwanza." Siku ya pili tu alinipa cheupe. Nilimletea maji, akanywa, akanitazama kama mtu aliyeona mlango umefunguka. Nilikwenda nyuma ya duka nikalia.

Cha kijani nimekitia mfuko wa juu. Usiwe na wasiwasi nacho.

Dada yako

1 Machi

Dada,

Natumaini hamjambo wote. Mimi nimepata vidonda vya vidole kwa sabuni, vinapona.

Nimeisoma barua yako mara tatu na bado sijaelewa. Mtoto wangu ana mdomo. Ana ulimi, ana meno, ana masikio mazima kama ulivyosema, na wewe unamfundisha kuongea kwa vifungo? Mama Pasi anasema mtoto akishapata njia ya mkato hatahangaika tena na ulimi. Mimi sikumwacha kwako afanywe maonyesho ya dukani. Mvue hiyo aproni, Dada, nakuomba kwa heshima. Sitaki kurudi nikute ananifungulia mdomo wa mfuko.

Tena umenieleza maji, mkate, mpaka viatu vya mwalimu. Hukuniambia jambo moja. Ananiulizia?

Mdogo wako

20 Aprili

Mdogo wangu,

Nimechelewa kujibu, nisamehe. Ilikuwa msimu wa sare za shule, nimeshona mpaka cherehani ikapata moto. Mama anakusalimu. Mlango umewekwa hatimaye, haufungi.

Aproni sijamvua. Nilipeleka barua yako kwa mwalimu, nikamsomea kipande kile cha njia ya mkato. Hakukasirika. Alisema wazazi wote huogopa hivyo, na kwamba vifungo havizibi mdomo. Mtoto anayeeleweka hupata hamu ya kuendelea kusema, kwa lolote alilo nalo. Maneno ya mdomo yatakuja au hayatakuja, hawezi kuniahidi. Alichoniahidi ni kwamba akinyimwa njia hii hatabaki na nyingine. Kwa hiyo nimekukaidi, na ukirudi unipige.

Ngoja nikuchekeshe. Kuna mteja mmoja, unamjua, yule mwenye suruali zisizomkaa hata siku moja. Alisimama mezani kwangu akilalamika, mara kiuno, mara pindo, mara mimi si fundi. Chiriku akatoka kwenye kigoda chake polepole, akachomoa chekundu, akamtia mkononi. Imetosha. Kinyozi wa jirani alicheka mpaka akamkata mtu sikio kidogo. Mwenye suruali naye akacheka, akaondoka na suruali yake.

Juzi ameunganisha viwili. Alinipa cheupe halafu chekundu, akinionyesha mtungi mtupu. Maji yamekwisha. Sentensi nzima, mdogo wangu. Hakuomba, alinipa habari tu, kama mtu na mtu.

Ukaidi pia ameupata, nadhani kautoa kwako. Jioni nikimwita kuoga ananitia mkononi kile cheusi, ambacho maana yake ni "bado," na kunivutia mlangoni akacheze. Namnyanyua tu namwogesha akipiga mateke.

Koti limepata kifungo?

Dada yako

2 Julai

Dada,

Hamjambo? Mimi nipo.

Mambo ya mkataba yanaendelea, nitakuandikia yakitengemaa. Koti nalivaa wazi.

Umenijibu yote isipokuwa lile nililouliza. Nilikuuliza Machi, ukanipa kinyozi na mwenye suruali. Nakuuliza tena, na sitaki kingine chochote kwenye barua yako, hata salamu. Ananiulizia au hapana?

Mdogo wako

11 Agosti

Mdogo wangu,

Umekataza salamu, basi.

Mwezi mzima nimekaa na karatasi hii. Nitaandika upesi kabla moyo haujageuka.

Kifungo chako cha kijani kilikuwa neno lake la kwanza. Hakufundishwa na mtu. Kabla hata ya aproni alikuwa ananitia mkononi, ananishika sketi na kunivuta mpaka mlangoni, saa kumi na moja, ile saa uliyokuwa ukitoka kazini. Anasimama anatazama barabara. Wewe ndiye kifungo kile. Niliijua maana yake tangu siku ya kwanza, na nilipokuandikia Februari nilikificha katikati ya maji na mkate, kwa sababu nilijua ungekunja virago urudi siku hiyo hiyo, na kazi ungeipoteza.

Mwalimu aliniambia kila anachosema kijibiwe, hata kama jibu ni hapana, hata kama ni ngoja. Ndipo nikaweka kifungo cheusi kwenye mfuko wa sita. Akinipa cha kijani, namwonyesha cheusi. "Mama, bado." Anakitazama, anarudi kigodani. Kesho saa kumi na moja tena. Kijani. Bado. Kijani. Bado. Nilikuwa napiga mstari kwa chaki ukutani nyuma ya cherehani. Ilifika mistari arobaini na mmoja.

Siku ya arobaini na moja alinipa cha kijani, na kabla sijanyoosha mkono akachomoa mwenyewe kile cheusi akaniwekea juu yake. Akajijibu. Hakulia. Akarudi akaketi.

Sikuweza tena. Nilikitoa cha kijani nikakifungia kwenye mtoto wa meza ya cherehani. Wiki moja nzima alikuwa anaingiza vidole kwenye mfuko wa juu, anausukumasukuma, anaugeuza nje. Alinitazama, nikajifanya natunga uzi. Halafu akaacha.

Barua yako ya kuniuliza ilifika siku chache baadaye. Ningekujibu nini? Alikuulizia siku arobaini na moja, nami nikamnyang'anya neno lenyewe ili nisilisikie. Mwalimu hajui. Nilimwambia kimepotea. Mimi ninayejisifu kwako kwa subira.

Sasa hakuulizii. Ndilo jibu lako, na nimelifanya mimi.

Dada yako

30 Septemba

Dada yangu,

Shikamoo. Nimeivaa barua yako kifuani mwezi mzima.

Nilipoisoma mara ya kwanza nilitaka kukulaani. Nilikuwa kwenye shuka, nikaiacha ncha yangu ikaanguka, Mama Pasi akaniuliza kuna nini. Sikuweza kumwambia. Na sababu ya kutoweza ndiyo ninayotaka ujue, maana wewe umesema lako.

Kukunja shuka kutwa nzima bila kuongea haiwezekani. Wote wanasimulia watoto wao. Wiki ya kwanza nilipoulizwa, nilisema wangu ni chiriku kweli kweli, hanyamazi. Wakacheka. Kesho yake wakataka zaidi. Nikawaambia aliniuliza kwenye simu kwa nini mwezi unatufuata. Nikawaambia amemwambia bibi yake goti lipewe likizo. Nimemtungia maneno ya miezi tisa, Dada. Mama Pasi anayarudia nyumbani kwake, wanawe wanamjua mtoto wangu kwa maneno yake, na hakuna hata moja lake. Lile la kweli, la maji yamekwisha, sikumwambia mtu. Nililionea aibu. Leo nalikumbuka na kujiona mjinga, ndilo zuri kuliko yote niliyotunga.

La pili ni hili. Unasema subira. Mwezi mmoja kabla sijaondoka nilikishika kikombe cha maji juu, nikamwambia sema "maji" nikupe. Mtu mmoja aliniambia ndivyo wanavyofunguka. Alirukaruka akinyoosha mikono. Alilia. Nikasema sema. Alinivuta nguo, akanionyesha mdomo wake, akanionyesha kikombe. Mtu gani hangeelewa? Nilielewa. Sikumpa. Akalala sakafuni na kiu yake, mchana kweupe, na mimi nimesimama na kikombe. Baba yake alipoondoka alisema kwao hakuna watoto wa hivi, nikamwona mnyama. Siku ile nilijiona mimi. Nilikimbilia mkataba huu, Dada. Watu wote mnadhani nilikwenda kutafuta maisha.

Na mtoto huyo ndiye aliyekuwa akinisubiri mlangoni siku arobaini na moja.

La tatu. Mkataba niliusaini tena mwezi Juni, mwaka mwingine mzima. Niliogopa kurudi nikamkuta vile vile, au nikamkuta ananiogopa. Desemba siji.

Mrudishie kifungo changu. Aniulizie. Mjibu vyovyote, lakini mwachie neno lake.

Mdogo wako

6 Novemba

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama anakusalimu, ameniuliza mbona barua zako siku hizi nazisomea chooni. Sijamwambia ya kikombe na sitamwambia. Sikuhukumu. Mimi na wewe tumefanya kosa moja kwa mikono miwili.

Nilikwenda kwanza kwa mwalimu nikaungama. Akasema, "Wewe umechoka, mama mkubwa. Mrudishie, halafu mwache akuonyeshe." Nikakitoa kwenye mtoto wa meza, nikakisugua, nikakaa naye sakafuni, nikamwekea kiganjani. "Mama," nikamwambia.

Alikigeuza mara mbili. Akanyanyuka akaenda kwenye kopo langu la vifungo, lile la vifungo vya kazi, visivyo na maana yoyote. Akakitumbukiza humo, akafunga kifuniko.

Nilidhani yameisha. Nilikaa pale pale sakafuni. Saa ya ukutani ilifika kumi na moja. Akaja, akachomoa kile cheusi, akanitia mkononi, akanivuta sketi mpaka mlangoni. Nikasema moyoni, ukaidi wake wa kuoga huo. Lakini siku hiyo sikumnyanyua. Nikasimama naye. Hakutoka nje kucheza. Alisimama kizingitini, mahali pale pale, akatazama barabara ile ile upande ule ule. Akanifungua vidole akahakikisha kifungo kipo. Akatazama tena.

Nilikimbia ndani nikaileta picha yako, ile ya koti. Alichukua kifungo cheusi kiganjani kwangu akakiweka juu yako, kifuani.

Kila alipokuomba nilimpa hicho. Siku arobaini na moja, wewe na cheusi, wewe na cheusi. Nilipomnyang'anya cha kijani alichukua alichobakiwa nacho akakifanya wewe. Mwezi wa tatu mpaka wa kumi na moja, kila jioni, amekuwa akikuulizia. Na mimi kila jioni nimemnyanyua katikati ya swali lake nikampeleka kuoga, na kukuandikia kwamba ni mkaidi.

Nimemuuliza mwalimu kama nimrekebishe, nimrudishie cha kijani taratibu. Amesema hilo ni la kuamua mama yake.

Ulitaka kujua. Anakuulizia. Hajaacha hata siku moja.

Dada yako

2 Desemba

Dada yangu,

Shikamoo. Mwambie Mama nimepona vidole. Mwambie Kaka ule mlango aufanye ufunge, lakini ubaki wa kufunguka kirahisi kwa mtoto.

Barua yako niliisoma kwenye shuka. Mama Pasi aliniuliza, na safari hii nilimwambia yote, tangu la kwanza, kwamba mtoto wangu hasemi na hakuwahi kusema yale. Nilidhani atanitupia shuka. Alikaa kimya, yeye, kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Tukakunja shuka nne. Halafu akaniambia, "Basi nipe lake la kweli." Nikampa la maji yamekwisha. Akataka nilirudie.

Nimekwenda kwa msimamizi kuomba kuuvunja mkataba. Wamekataa. Nimekwenda tena, na tena, mpaka wamesema Machi, wakipata mtu wa kushika nafasi yangu. Nisikudanganye, hawajampata.

Kuhusu cheusi, usimrekebishe. Nilikuagiza umfundishe aniite mama kwa mdomo wake. Sahau niliyoyaagiza. Ameniita kila siku kwa alichokuwa nacho, na hilo ndilo jina langu. Nimeomba kifungo cheusi kwenye boksi la sare hapa kazini, nimekishona kwenye koti, cha pili kutoka juu. Vingine ni vya kijani, kinaonekana kibaya. Wenzangu wanacheka. Nitakapoingia nitakuwa nimelivaa, hata kama kuna joto, na akinitia cheusi mkononi nitaitika.

Mpaka hapo nina ombi moja. Saa kumi na moja akija na kifungo, usimwogeshe kwanza. Mshike mkono mwende mlangoni. Sema "mama," usiongeze neno. Simameni mpaka yeye mwenyewe aseme imetosha.

Mdogo wako